Kulala Roma kwa bei nafuu ukitokea Mwanza

Ukikaa Kirumba au Nyegezi ukafungua simu kutafuta pa kulala Roma, bei ya kwanza itakayokutokea ni pungufu. Mwenye nyumba hajadanganya. Kuna vitu vitatu au vinne vimeachwa nje ya bei hiyo, na vyote utavilipa. Anayepanga hija, kwaya inayoalikwa parokiani, au mwanafunzi anayetangulia wiki moja kabla ya chuo kufungua, wote hukwama palepale: wanalinganisha bei za vyumba badala ya kulinganisha gharama ya usiku mzima.

Tuanze na kodi ya manispaa, ambayo Waitaliano huiita contributo di soggiorno. Hutozwa kwa kichwa kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa mapokezi, nje ya malipo uliyofanya mtandaoni. Tangu Oktoba 2023 viwango vya Roma ni yuro 3.50 kwa hosteli, 4 kwa hoteli ya nyota moja, 5 kwa nyota mbili, 6 kwa nyota tatu, 7.50 kwa nyota nne na 10 kwa nyota tano. Usiku unaohesabiwa ni kumi mfululizo katika nyumba moja, baada ya hapo haitozwi tena, na watoto chini ya miaka 10 hawalipi. Kwa hiyo mume na mke wakilala siku saba kwenye hoteli ya nyota tatu wanaongeza yuro 84. Hiyo inakaribia bei ya usiku mmoja zaidi. Weka hela hiyo pembeni ikiwa taslimu, kwa sababu nyumba ndogondogo hupenda kuipokea hivyo, na omba risiti yake.

Kitu cha pili ni umbali, na hapa watu hupotea zaidi. Tangazo litasema "Roma" ilhali nyumba iko nje ya Grande Raccordo Anulare, ile barabara kuu inayozunguka jiji lote. Tuseme chumba cha huko ni yuro 55 na cha karibu na metro, yaani treni ya chini ya ardhi, ni 75. Tiketi ya mjini ni yuro 1.50, inadumu dakika 100, na ndani ya muda huo unaruhusiwa kubadilisha mabasi na kuingia metro mara moja. Watu wawili kwenda na kurudi ni yuro 6. Kwa nauli peke yake, mbali bado ni nafuu, tukubali. Kinachovunja hesabu ni basi lenyewe. Mabasi ya pembezoni hupita kwa nadra, Jumapili ndiyo kabisa, na metro hufungwa saa tano na nusu usiku, isipokuwa Ijumaa na Jumamosi inapofika saa saba na nusu. Ukichelewa mara mbili ukachukua teksi, sehemu kubwa ya akiba ya wiki imekwisha. Kipimo kizuri ni hiki: usiangalie umbali wa kutoka "katikati ya mji", angalia hatua za kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kituo cha metro au treni. Zikizidi mita 800, achana nayo, hasa kama mna mabegi ya kilo 23 na mama mtu mzima.

Ukishapata kipimo hicho, ramani ya Roma inarahisika. Laini A ya metro ndiyo ya kuifuata. Upande wa kusini-mashariki una vituo vya San Giovanni, Re di Roma, Ponte Lungo, Furio Camillo, Colli Albani na kuendelea. Kadiri unavyotoka nje bei inashuka, na bado unafika Termini, stesheni kuu ya jiji, bila kubadilisha treni. Upande wa magharibi, baada ya Ottaviano ambacho ndicho kituo cha Vatikani, kuna Cipro, Valle Aurelia, Baldo degli Ubaldi, Cornelia na Battistini. Mahujaji wengi hung'ang'ania Ottaviano kwa sababu kiko jirani na Basilika ya Mtakatifu Petro. Cornelia ni vituo vinne tu mbele, na bei si ile. Ostia ya pwani nayo ina vyumba vya bei ya chini, lakini treni yake inayoanzia kituo cha Porta San Paolo, jirani na metro ya Piramide, inajulikana kwa kuchelewa na kujaa. Kwa mtu mwenye wiki moja simshauri.

Mitaa inayozunguka stesheni ya Termini inahitaji maelezo ya peke yake. Via Marghera, Via Magenta, Via Milazzo na Via Palestro zimejaa hosteli na hoteli ndogo, na upande wa pili, Via Principe Amedeo na jirani zake, vilevile. Jengo moja linaweza kuwa na nyumba za wageni nne au tano, kila moja na mwenyewe, ghorofa yake na kengele yake. Anwani ikiandikwa "scala B, piano 4, interno 12" maana yake ngazi ya B, ghorofa ya nne, mlango namba 12. Ukibonyeza kengele isiyo yako utaambiwa hapa siyo, na utadhani umetapeliwa. Uliza mapema kama kuna lifti. Nyingi zipo, ila ni za zamani na ndogo kama kabati, watu wawili na begi moja basi. Usiku karibu na stesheni shika simu yako vizuri. Mchana eneo halina shida, na soko la Esquilino karibu na Piazza Vittorio lina ndizi za kupika, mihogo, bamia na pilipili za kuwatosha Waafrika na Waasia wa jiji lile.

Nyumba za masista ndizo ninazowapa kipaumbele, na siyo kwa sababu ya dini peke yake. Roma ina mashirika mengi ya kitawa yaliyogeuza sehemu ya nyumba zao kuwa malazi. Kwa Kiitaliano utaona casa per ferie au casa di accoglienza. Huhitaji kuwa Mkatoliki, ingawa chache hupokea wanawake tu. Vyumba ni vya kawaida: kitanda cha mtu mmoja, meza, msalaba ukutani, bafu safi kuliko la hoteli nyingi za nyota mbili. Kifungua kinywa ni mkate, jamu, kahawa na maziwa, usitegemee chapati na supu. Chumba cha watu wawili kwa kawaida huangukia kati ya yuro 70 na 110 kutegemea msimu na mtaa. Zingine zilizo kwenye viwanja maarufu hutoza kama hoteli, kwa hiyo neno "masista" peke yake lisikutulize. Zipo nyingi nyuma ya Vatikani, kuanzia Via delle Fornaci kupanda Via Aurelia, na kwenye mitaa ya Monteverde na Aventino.

Wanachokwama nacho wageni ni mambo mawili. La kwanza, saa ya kurudi usiku. Nyingi hufunga geti saa nne na nusu au saa tano, na sista aliyelala haamki. Kama mnategemea mkesha au chakula cha jioni cha marafiki, ulizeni kwanza. La pili, nyingi haziko kwenye programu za kukodi vyumba, au ziko huko kwa bei ya juu kuliko ukiwaandikia moja kwa moja. Andika barua pepe kwa Kiitaliano, fupi. Hii inatosha, badilisha tarehe tu:

"Buongiorno, vorremmo prenotare una camera con due letti separati e bagno, dal 4 all'11 febbraio, per due persone. Potete dirci il prezzo per notte, se la colazione e la tassa di soggiorno sono comprese, e l'orario di rientro la sera? Abbiamo bisogno di una conferma scritta per il visto. Grazie."

Hapo umeomba chumba chenye vitanda viwili na bafu, umeuliza bei, kifungua kinywa, kodi na saa ya kurudi, na umesema unahitaji uthibitisho wa maandishi kwa ajili ya viza. Usiandike "matrimoniale" kama hamlali pamoja, hicho ni kitanda kimoja kikubwa. Na kuwa macho na maneno "bagno in comune": bafu la kushirikiana koridoni. "Bagno privato esterno" ni lako peke yako lakini liko nje ya chumba. Wakikaa kimya siku tano, andika tena, au piga simu asubuhi, siyo mchana wakati wa mapumziko.

Msimu unabadilisha kila kitu. Pasaka, Aprili hadi Juni, na Septemba na Oktoba, hata nyumba za masista hupanda na kujaa miezi mingi kabla. Nafuu halisi ni kuanzia baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, hadi Februari. Lakini mtu wa ziwani ajue kwamba usiku wa Januari kule unaweza kushuka hadi nyuzi 3 au 4. Kisheria majengo ya Roma huwasha mfumo wa joto kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili, tena si zaidi ya saa 12 kwa siku. Ndiyo maana radieta inapoa saa za usiku. Haijaharibika. Omba blanketi la pili jioni, kabla mapokezi hayajafungwa. Agosti ni kinyume chake: joto kali, Warumi wengi wako likizo hasa karibu na 15 Agosti, baadhi ya hoteli hushusha bei na baadhi ya nyumba za kitawa hufungwa kabisa. Kama unaenda Agosti, chumba bila kiyoyozi ni adhabu.

Sasa malipo. Masista wengi huomba kianzio kwa benki. IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, ya Italia ina herufi na tarakimu 27 na huanza na IT. Hesabu zote kabla hujasaini fomu, moja ikipungua hela inarudi baada ya siku kadhaa ikiwa imekatwa. Kwenye fomu kuna sehemu ya nani analipa makato: ukichagua SHA (mnagawana makato), benki za katikati hukata zao njiani na kianzio kinafika pungufu, kisha unaandikiwa kwamba bado unadaiwa yuro 15. Chagua OUR (makato yote unalipa wewe) kama kiasi ni kidogo. Kwa kadi, hakikisha benki imeifungulia matumizi ya nje na ya mtandaoni, na kwamba laini ya Tanzania inapokea ujumbe ukiwa Italia, maana namba ya siri ya muamala inakuja huko. Hoteli ikishikilia kiasi kwenye kadi ya debiti kama dhamana, hela hiyo haitumiki mpaka iachiwe, na kuachiwa huchukua siku. Mtu wa nyumba ya kukodi akikuomba utume hela kwa wakala wa kutuma fedha kabla hujaona chochote, funga mazungumzo. Tangu 1 Januari 2025 nyumba za kukodi muda mfupi Italia zinatakiwa kuonyesha namba ya kitaifa, CIN, kwenye tangazo. Isipokuwepo, tafuta nyingine.

Viza inaingilia malazi moja kwa moja. Ubalozi wa Italia Dar es Salaam unataka uthibitisho unaofunika kila usiku bila pengo, na majina ya wasafiri wote yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Booking yenye jina la mwenyekiti wa kwaya peke yake na "watu 14" italeta maswali. Kwa hiyo, kabla ya viza, kata chumba kinachoweza kughairiwa bure hata kama ni ghali kidogo. Kile cha "non rimborsabile", yaani kisichorudishiwa hela, kinavutia, lakini viza ikichelewa hela yako imepotea. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Pia Italia ina jedwali la hela za kujikimu: kwa safari ya siku 6 hadi 10, yuro 44.93 kwa siku kwa anayesafiri peke yake, na 26.33 kwa kila mtu wakiwa wawili au zaidi. Siku nane peke yako ni 359.44. Hicho ni kiwango cha chini cha kisheria, taarifa ya benki inayoonyesha kiasi hicho kamili bila ziada inaonekana dhaifu.

Siku ya kufika, kumbuka chumba hutolewa kuanzia saa nane au tisa mchana. Ndege nyingi za usiku zinashusha watu uwanja wa ndege wa Fiumicino asubuhi. Omba kuacha mabegi mapokezi, karibu kila nyumba inakubali. Treni ya Leonardo Express hadi Termini ni yuro 14, dakika 32. Anayelala karibu na Vatikani asipite Termini kabisa: akate tiketi ya treni ya kawaida hadi Roma San Pietro, apande FL1 ya yuro 8, ashuke Trastevere, abadilishe hapo na kuchukua treni inayosimama Roma San Pietro. Tiketi ya karatasi igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, vinginevyo ni faini. Mapokezi watachukua pasipoti na kuiandikisha polisi, ni sheria kwa kila nyumba ya wageni, wala si kwamba wewe ni Mwafrika. Irudishwe mkononi mwako siku hiyohiyo. Na plagi yetu ya miguu mitatu bapa haiingii kwenye soketi za kule. Nunua adapta ya miguu miwili ya duara mjini kabla ya safari, ya uwanja wa ndege ni ghali bila sababu.