Giza la Königstuhl

Leo nimepanda mlima Königstuhl kwa miguu, kwa zile ngazi za mawe zinazoanzia upande wa kasri la Heidelberg, Ujerumani, na kukata msitu mpaka kileleni, mita 568 juu ya usawa wa bahari. Treni ya kebo ipo, ila nilitaka kufika kama wanafunzi wa zamani walivyofika.

Kituo cha falaki kilichoko huku juu, ambacho sasa ni cha Chuo Kikuu cha Heidelberg, kilifunguliwa 1898. Kiongozi wake alikuwa Max Wolf, mzaliwa wa mji huuhuu, na kazi yake ndiyo iliyonileta. Kabla yake, mtafutaji wa sayari ndogo alikesha jicho likiwa kwenye darubini, akilinganisha nyota na ramani, moja baada ya nyingine. Wolf akaweka bamba la kioo la kupigia picha, darubini ikawa inazifuata nyota taratibu kwa saa nzima na zaidi. Nyota zikatoka nukta. Chochote kilichokuwa kikitembea kati yake kikaacha mstari mfupi. Kwa mistari hiyo aligundua sayari ndogo zaidi ya 200, ikiwemo Achilles mwaka 1906, ya kwanza kujulikana katika kundi linalolizunguka Jua kwenye njia moja na Mshtarii. Septemba 1909 akainasa kometi ya Halley ikiwa njiani kurudi, kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona. Napenda sana subira ya namna hii.

Siku hizi taa za bonde, kutoka Heidelberg hadi Mannheim, zimelipausha anga. Wataalamu wa hapa hutengeneza vifaa na kuvipeleka kwenye giza: kimoja, FORS, chombo cha kupiga picha na kuchambua mwanga wa nyota, kiko kwenye darubini kubwa za Chile. Taasisi nyingine ya ubavuni mwa mlima huuhuu inaongoza mradi wa H.E.S.S., darubini tano zilizosimikwa Namibia.

Hilo la Namibia limenikaa moyoni. Kwetu, kijiji chenye giza huhesabiwa kuwa kimesahauliwa, na kweli watoto wanahitaji umeme wasome. Lakini taa iliyofunikwa juu humulika barabara bila kuziba nyota, na haimnyimi mtu mwanga. Binamu yangu ni fundi umeme Njombe. Nimemwandikia jioni hii kumuuliza taa za barabarani wanazofunga vijijini zina kifuniko gani, na nani huzichagua.