Chai ya Rangi Kabla ya Saa 1

Jumanne moja ya Agosti 2017, saa 1 kasoro robo asubuhi, nilimkuta wifi yangu amekaa kitandani wodini, midomo imemkauka, macho kwenye chupa ya maji kama mfungaji anayesubiri adhana ya magharibi. Alikuwa anasubiri kuzaa kwa operesheni, na alikuwa amekatazwa kutia chochote mdomoni tangu saa 6 usiku, hata maji.

Mimi ni muuguzi wa thieta, yaani chumba cha operesheni, na katazo hilo nimelisikia hospitali nyingi, lakini limepita kiasi. Chakula huachwa muda wa saa 6 kabla ya ganzi. Maji matupu na chai ya rangi huruhusiwa mpaka zibaki saa 2. Kinachoogopwa ni ganzi ya mgongo kukataa, mama akalazimika kulazwa usingizi kabisa, na vilivyomo tumboni vikapanda vikaingia kwenye mapafu. Chembe za chakula na maziwa hukaa tumboni muda mrefu, maji hupita haraka. Operesheni yake ilipangwa saa 3, kwa hiyo zilibaki dakika 15 za kunywa. Mtaalamu wa usingizi akaafiki, nikammiminia kikombe cha chai ya rangi yenye sukari kutoka kwenye chupa yangu. Akainywa yote bila kupumua.

Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 2013. Alisukuma kwa muda wa karibu saa 3, kichwa kikavutwa kwa vakyumu, akatoka mtoto wa kilo 4.1 na msamba ukachanika mpaka kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa. Huo ni mchaniko wa daraja la tatu. Hushonwa thieta, taa kali, ganzi ya kutosha, kila ncha ya msuli ikatafutwa na kushikwa kwanza, kwa sababu msuli ukikatika ncha zake hujivuta na kujificha pembeni. Yeye alishonwa palepale leba kama mtu aliyeongezewa njia tu. Kidole kimoja kilichovaa glovu, kikipitishwa njia ya nyuma kabla ya kushona, kingeonyesha kuwa msuli umekatika. Ni kipimo cha nusu dakika, na ndicho kinachorukwa mara nyingi.

Miaka minne hakuweza kuzuia hewa, na haja ikimshika alikuwa anakimbia. Hakumwambia mtu, hata kaka yangu. Mimi aliniambia jikoni, mimba ya pili ikiwa na miezi mitano, tunamenya mihogo, bila kuinua uso.

Daktari alimwekea mambo mezani pande zote mbili. Kati ya wanawake 100 waliochanika hivyo, kama 5 hadi 7 huchanika tena wakizaa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo wengi hupona salama. Lakini mwenye dalili tayari, msuli wake umebakiwa na nguvu kidogo, na uzazi mwingine wa kawaida unaweza kuzimaliza. Upande wa pili, kisu nacho kina gharama: damu zaidi, hatari ya kidonda kuoza, damu kuganda miguuni, na kovu kwenye mji wa mimba. Mimba zinazofuata, kondo linaweza kujishikiza juu ya kovu na kukataa kubanduka. Akijaribu kuzaa kawaida baadaye, kovu huachia kwa takriban mama 1 kati ya 200. Kisha akamuuliza swali ambalo kwangu mimi ndilo lililoamua: unataka watoto wangapi?

"Wawili wananitosha, daktari."

Angesema watano, nadhani ushauri ungegeuka, maana kila kovu huongeza hatari kwenye mimba inayofuata.

Mama yangu, yaani mkwe wake, hakufurahi. "Kwani njia imefungwa?" aliniuliza. Sikumjibu, maana siri haikuwa yangu.

Tarehe ya operesheni ilituchelewesha kidogo. Kadi ya kliniki ilihesabu kwa hedhi ya mwisho, ikasema wiki 39 zitatimia Jumanne ya kwanza ya mwezi. Lakini mzunguko wa wifi ni wa siku 35, na hesabu ya kadi huchukulia siku 28, kwa hiyo ilikuwa imetangulia wiki nzima. Ultrasaundi ya wiki 11 ilionyesha hivyohivyo, na ya mapema ndiyo ya kuaminiwa. Ile ya miezi ya mwisho inaweza kukosea hata wiki 3. Tukasogeza. Wiki moja inaonekana ndogo, lakini mtoto anayetolewa kabla ya wiki 39 bila uchungu kuanza ana hatari kubwa zaidi ya kupumua mbiombio, mapafu bado yana maji, akaishia chumba cha watoto wachanga badala ya kifuani kwa mama yake. Kwenye kadi tukaandika kwa kalamu nyekundu kwamba uchungu ukianza kabla ya siku, aje usiku uleule, asisubiri miadi.

Saa 2 na nusu maabara ikapiga simu: kichupa cha damu yake ya kulinganisha na chupa mbili za damu alizotengewa hakina jina. Waliikataa, na walikuwa sahihi kabisa, kwa sababu damu isiyolingana na yako ikiingia mwilini inaweza kuua haraka. Akatolewa nyingine, jina likaandikwa hapohapo kando ya kitanda. Operesheni ikasogea hadi saa 5. Nikammiminia kikombe cha pili.

Niliingia thieta kama ndugu, nikapewa kiti upande wa kichwa. Antibayotiki ilipita kwenye mshipa kabla ya kisu, siyo baada, maana dawa inatakiwa iwe imefika kwenye ngozi wakati inakatwa. Akakalishwa ukingoni mwa kitanda, kidevu kifuani, akajikunja kama kamba wa baharini ili mifupa ya mgongo ifunguke. Sindano ilikuwa geji 25, ile nyembamba. Nene huweza kumwachia mama kichwa kinachomgonga kila akiinuka, siku nyingi. Dawa ya ganzi ilikuwa bupivakeni nzito, mililita 2. Baada ya dakika chache akapanguswa kwa pamba ya spiriti kuanzia mapajani kwenda juu, aseme baridi inaanzia wapi. Ilianzia juu ya chuchu, ganzi imefika. Mpira wa mkojo ukawekwa hapo, baada ya ganzi. Wanaouweka kabla sijui wanakimbilia wapi.

Halafu akageuza uso kwangu: "Wifi, nataka kutapika."

Kichefuchefu dakika hizo mara nyingi huwa ni presha kushuka. Ganzi hulegeza mishipa ya miguu, damu inabaki huko, na mimba nayo inaugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mashine ilisoma 82/46. Kitanda kilikuwa kimelala bapa. Kabari ya chini ya nyonga ya kulia ilikuwa imesahaulika. Ikawekwa, akalala upande wa kushoto kidogo, efedrini ya kupandisha presha, miligramu 6, ikapita, dripu ikafunguliwa. Dakika mbili, 108/64, rangi ikarudi.

Mkato ulikuwa wa kulala, chini kabisa ya kitovu, pale nguo ya ndani inapofunika. Mtoto alitoka dakika ya 6, msichana, kilo 3.6. Kitovu cha mtoto kilisubiri dakika moja kabla ya kubanwa, oksitosini ya kukaza mji wa mimba ikapita, na mtoto akawekwa kifuani huku tumbo bado linashonwa. Kushona ndiko kulikokula muda, zaidi ya nusu saa. Vitambaa vya kufyonzea damu vikahesabiwa kwa sauti mara mbili, 20 vilivyoingia, 20 vilivyotoka.

Jioni ndugu wakaanza ule msamiati wa wodini: amejamba? Zamani bila kujamba hakuna kula. Siku hizi mama asiye na matatizo huanza na vijiko vya chai na uji mwepesi saa chache baadaye, na utumbo huamka upesi zaidi. Asubuhi mpira ukatolewa, akasimama akishikilia mto tumboni. Dawa za maumivu alipewa kwa saa zake. Ukisubiri maumivu yapande, mama hatembei, na asipotembea damu inaganda.

Siku ya tatu tulirudi nyumbani. Sufuria ya maji ilikuwa jikoni inatokota na taulo limekaa tayari: Mama alikuwa anasubiri kumkanda tumbo. Nikamweleza kwamba ndani kuna nyuzi tabaka kwa tabaka, joto na mkono vinaweza kuziharibu. Miguu pia hapana, kama kuna damu iliyoganda kwenye vigimbi tutaisukuma ikimbilie kwenye mapafu.

"Sasa nimkande wapi?"

"Mabega, Mama. Kwa maji ya vuguvugu."

Akaniangalia, akaenda kupunguza moto, akarudi na beseni.

"Mabega hayakuzaa," akasema, akakamua taulo na kuanza kukanda.