Jiwe la Kua

Boti ya Mafia haiondoki kwa saa, inaondoka kwa maji. Nilifika Nyamisati asubuhi kwa basi la Mbagala, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikaambiwa nitulie, bahari imekupwa. Nikakaa kivulini pamoja na akina mama wenye magunia ya vitunguu na magodoro mapya, tukatazama maji yakipanda taratibu juu ya matope ya delta ya Rufiji mpaka mizizi ya mikoko ikazama. Mchana ndipo tulipopakia. Ndani ya mkondo safari ilikuwa laini. Tulipochomoza nje, kusi ikatupokea. Ilikuwa Julai. Mama aliyekaa ubavuni mwangu alinikatia ndimu, akaniambia, "Nusa, mwanangu, na usitazame chini, tazama kule mbele." Nikatazama mbele mpaka Kilindoni.

Nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Nimekulia Tanga, miaka ile baruti ya wavuvi ilipokuwa ikilia baharini hata tukiwa darasani. Kishindo kizito kimoja, madirisha yanatikisika, mwalimu anaendelea. Jioni samaki wanajaa sokoni kwa bei ya kutupa, na mama akiwapasua anakuta mifupa imevunjika ndani kwa ndani. Tulikula. Sikujua kwamba kila kishindo kilikuwa kinabomoa nyumba ya samaki wa miaka iliyofuata. Nilipokuja kujua, nikatamani kuona mahali ambapo watu walijaribu kuwahi kabla bahari yao haijaisha, na Mafia ndiyo ilikuwa ya kwanza nchini: sheria ya hifadhi za bahari ilipitishwa mwaka 1994, na mwaka 1995 kilomita za mraba 822 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji zikawekwa chini yake. Vijiji, ndiyo. Watu hawakuhamishwa. Wanavua, wanalima minazi, wanaoa na kuzika humo humo ndani ya hifadhi.

Utende ndiko lango lilipo. Nikalala huko, na asubuhi nikavuka kwa mashua kwenda Chole, kisiwa kidogo unachoweza kukizunguka kwa miguu na bado ukawahi chakula cha mchana. Chole ilikuwa makao makuu ya Mafia yote. Wakati wa masultani wa Unguja ndipo wenye mashamba ya minazi walipojenga hapa, kisha Wajerumani wakaja mwaka 1890 nao wakaketi hapo hapo, hadi walipohamia Kilindoni mwaka 1913. Leo majengo yao yameshikwa na mitini. Mizizi imeshuka juu ya kuta kama vidole vya mtu aliyekumbatia mtungi, na fundi wa kijijini aliniambia jambo ambalo sikulitegemea: kuta nyingine zimesimama kwa sababu ya mizizi hiyo hiyo. Ukiukata mti, ukuta unakufuata.

Juu ya miembe ya Chole wananing'inia popo wakubwa, wale wanaokula matunda, wenye manyoya ya rangi ya kahawia kifuani. Magharibi ilipokaribia waliamka kwa kelele, wakajinyoosha, wakaondoka mmoja mmoja kuelekea kisiwa kikubwa kutafuta riziki yao. Wanakijiji hawawapigi mawe. Mtoto aliyekuwa amenishika mkono alinieleza kwa uzito wote kwamba mti wa popo haukatwi.

Lakini moyo wangu ulikuwa Kua.

Kua iko Juani, kisiwa kinachoikinga ghuba ya Chole na bahari kuu, na ukitaka kufika kwa chombo lazima usubiri maji yajae. Aliyenipeleka ni mzee wa Juani aliyewahi kuwa mvuvi wa mitego. Nilipomwamkia "Shikamoo," akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha hakusema neno lingine mpaka tulipopita mikoko na kuanza kupanda njia ya mawe kati ya mibuyu. Hapo akasimama, akavua kofia, akapiga hodi. Akaniangalia mpaka na mimi nikapiga.

Mji wote umelala msituni. Jumba kubwa la ghorofa limebaki kuta, na mahali pa sakafu ya juu unaona safu ya matundu ya boriti tu. Kuna misikiti, kuna makaburi, kuna visima. Kua ilikuwa mji wa Washirazi wa Mafia, mji wa biashara wenye sauti, hadi Wasakalava walipovuka kutoka Madagaska kwa ngalawa mwanzoni mwa karne ya 19, wakaupora, wakachukua watu. Waliosalia hawakurudi kuujenga.

Mzee alinisimulia na kisa cha zamani zaidi, kile ambacho kila mtu wa Mafia anacho. Watu wa Kisimani, mji pinzani upande wa magharibi, waliunda jahazi kubwa, wakawaalika watu wa Kua kwenye kulishua, yaani kulishusha majini. Badala ya magogo, wakawalaza watoto wa Kua chini ya mkuku. Watu wa Kua hawakusema kitu. Wakangoja miaka, kisha wakaalika harusi, wakawakaribisha wageni wa Kisimani kwenye chumba cha chini, wakakiziba mlango kwa mawe na chokaa. Alikisimulia kwa sauti ya chini, akinionyesha kwa kidevu upande wa jumba. Sikuuliza kama ni kweli. Kisimani yenyewe sehemu kubwa imeshaliwa na bahari. Kuta zake zimeporomokea ufukweni. Ndiyo maana kisa hiki kinapaswa kusimuliwa Kua, ambako bado kuna ukuta wa kukishikilia.

Ndani ya msikiti nilikuta chupa ya marashi na vipande vya ubani. Kuna watu bado wanakuja na nadhiri zao. Nilifurahi kupaona, kwa sababu magofu mengi ya pwani yetu tumeyaachia watalii na popo, wakati hapa mtu mwenye shida anajua njia.

Chini, kati ya majani makavu, niliona kigae cha sahani ya Kichina, cheupe chenye ua la buluu, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Nikakiokota. Nilikuwa naenda kukitia mfukoni, na nakiri, nilishaona kitakavyokaa kwenye kabati langu.

"Kirudishe, mwanangu," mzee akasema. "Palepale ulipokitoa."

Nikakirudisha. Akaniambia wageni wakichukua kimoja kimoja, mji utaondoka bila jahazi.

Kisha akaniita kwenye ukuta. Plasta ilikuwa imebanduka, na jiwe la fremu ya mlango lilikuwa wazi, limechongwa pembe safi utadhani ni mbao. "Tazama kwa karibu." Nikasogeza uso. Jiwe lote lilikuwa na vijinyota vidogo vidogo, maelfu, kila kimoja chini ya ukubwa wa punje ya mtama, vimepangana bila nafasi. Lilikuwa tumbawe. Mafundi wa zamani walilitoa baharini likiwa bichi na laini, wakalichonga, kisha likakauka na kuwa gumu. Milango, mihirabu, mapambo ya misikiti ya pwani yote hii, yametoka majini. Hata chokaa iliyoshika mawe ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa nimekuja kutazama mambo mawili, magofu na bahari, na kumbe nilikuwa nimeegemea kitu kimoja.

Asubuhi iliyofuata nahodha alitupeleka karibu na mlango wa Kinasi, ambako bahari kuu inaingia ghubani. Nikavaa miwani, nikajitosa. Maji ya kusi si maangavu kama ya kaskazi, lakini niliona. Kitatange wawili wawili, changu kwa makundi, chewa mmoja aliyejificha pangoni na kunikodolea. Pono alikuwa anatafuna mwamba, na sauti yake niliisikia wazi chini ya maji, kru, kru, kama mtu anayekula barafu. Halafu nikaliona: tumbawe la mviringo, kubwa kuliko mtungi, rangi ya haradali. Nikalikaribia bila kuligusa. Vijinyota vilevile, ila hivi vilikuwa hai.

Tumbawe la aina hiyo hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Fremu ya mlango wa Kua ilikuwa na umri mkubwa kabla fundi hajaigusa. Fundi yule alichukua kidogo kwa ajili ya msikiti. Sisi tukaja na mitaimbo tukachimba mwamba kwa ajili ya chokaa, tukaja na baruti, tukaja na juya, wavu wa kukokota unaokwangua kila kitu. Na mwaka 1998 joto la El Niño likayageuza matumbawe meupe pwani nzima, mengi yakafa, hapa Mafia pia, hasa kwenye mwamba wa Tutia. Hilo la joto wavuvi wa Juani hawakulileta, ila wao ndio wanaolilipa. Nahodha wangu, aliyewahi kuvuta juya na baba yake, hakusema mengi juu ya mipaka ya hifadhi. Alisema tu kwamba ukimwambia mvuvi asivue hapa, mwambie na mahali pa kuvua, na ukae naye mpaka apate. Naona hapo ndipo kazi yote ya hifadhi ilipo.

Jioni ya mwisho tulivuka Juani kwa miguu hadi ufukwe wa mashariki, upande wa bahari kuu, ambako kasa hupanda kutaga. Zamani mayai yale yalichimbwa na kuliwa. Siku hizi kuna vijana wa kijijini wanaotembea ufukweni kila alfajiri kutafuta alama, wanaweka namba kwenye kila kiota, wanahesabu siku, na sehemu ya ada ya wageni inaingia kwenye mfuko wa kijiji. Mlinzi wetu alikuwa dada mmoja mwenye kanga mbili na daftari la shule. Alipiga magoti, akapekua mchanga kwa vidole, polepole, kama anayetafuta sindano. Mchanga ukaanza kuchemka. Kichwa kimoja cheusi, kikifuatiwa na kumi, na arobaini.

"Msisimame mbele yao," akasema. "Na futeni nyayo zenu. Kwenu ni unyayo, kwake ni shimo."

Tukachuchumaa, watu wazima sita, tukisawazisha mchanga kwa viganja ili viumbe vyenye ukubwa wa biskuti vipate njia. Mmoja aligeuka chali. Nikamtazama dada, akatikisa kichwa: mwache. Kikapiga makasia hewani, kikajigeuza, kikaendelea. Wimbi la kwanza lilikirudisha. La pili likakichukua.

"Huyo kama ni jike na Mungu akamjalia," dada akasema, "atarudi kutaga pwani hizi. Mimi nitakuwa bibi."

Kisha akarudi kwenye kiota, akatoa maganda, akayahesabu kwa mafungu ya kumi, akatenga mayai viza kando. Akaandika tarehe, namba ya kiota, waliotoka, viza. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana. Aliinua uso, akaelekeza penseli upande wa kusini wa ufukwe, ambako kijiti chenye namba kilikuwa kimesimama peke yake, akasema kile kimefika siku ya hamsini na tano, na yeye saa kumi na moja alfajiri atakuwa pale.