Kaskazi, ukuta mpya na rejeta zetu za uani

Saa nane mchana, Januari, kijana wa zamu ananipigia simu: "Fundi, injini imejishusha tena. Tuko kilowati 780." Injini yetu ni ya gesi, ya kilowati 1,000, kwenye kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo. Usiku inabeba mzigo wote vizuri, jua likipanda inakataa.

Wengi wamezoea jenereta yenye rejeta ya kupoza maji mbele yake, feni ikizungushwa na injini yenyewe. Zetu ziko mbali. Injini imo chumbani, rejeta ziko uani, zimelazwa juu ya miguu ya chuma, na feni za umeme zinavuta hewa kutoka chini na kuitupa juu. Injini ya ukubwa huo ikibeba mzigo kamili, joto la kilowati 600 na zaidi linatoka kwa njia ya maji na oili, mbali na linalotoka na moshi. Likikosa pa kwenda, umeme hakuna.

Maji yanayozunguka silinda hayanisumbui. Yanatoka na nyuzi 90 hivi, hata hewa ya Dar ya mwezi wa pili inayapoza. Kazi iko kwenye maji ya intakula, yaani kipoza kinachopoza mchanganyiko wa hewa na gesi kabla haujaingia kwenye silinda. Hayo lazima yarudi kwenye injini na nyuzi 45. Yakizidi, mchanganyiko unaingia wa moto, unajiwasha wenyewe, injini inaanza kugonga, na kompyuta yake inapunguza mzigo ili pistoni zisiharibike. Inafanya vyema. Kosa halikuwa lake.

Bosi alitaka tununue pampu kubwa zaidi. Wengine walisema rejeta zimeziba. Lakini nilikuwa nimeziosha mwenyewe mwezi uliotangulia, kwa maji ya presha ndogo, kwa sababu presha kubwa inalaza vibati vile vyembamba vya alumini na hewa haipiti tena. Nikaomba nipewe siku moja.

Nilichukua kipimajoto. Kivulini, karibu na geti, nyuzi 32. Chini ya rejeta, pale hewa inapoingia, nyuzi 39. Nikarudia mara tatu, jibu lilelile. Hesabu yake inauma: kutoka 45 hadi 32 ni nyuzi 13 za kufanyia kazi, kutoka 45 hadi 39 ni 6 tu. Rejeta ileile, feni zilezile, uwezo haufiki hata nusu.

Kisha nikafunga utepe wa kanga kuukuu kwenye mpini wa fagio nikauzungusha pande zote. Upande wa geti utepe ulivutwa kuingia chini ya rejeta, sawasawa. Upande wa pili, kwenye ukuta wa bohari jipya, ulilala kuelekea chini, na mkono wangu ukaunguzwa na hewa iliyokuwa inateremka. Bohari lilijengwa wakati wa kusi, na miezi ile hatukuona tatizo lolote. Kaskazi ilipoanza, ikawa inaisukuma hewa ya moto kwenye ukuta, inashuka, feni zinaivuta tena.

Tuliinua rejeta mita moja na nusu, tukaweka madomo ya bati juu ya feni ili hewa itupwe juu ya paa la bohari. Tangi dogo la akiba ya maji ya rejeta nalo likapandishwa, kwa sababu lazima libaki juu kuliko kila kitu, na mabomba yake ya kutolea hewa yakaongezwa. Wachomeleaji waliniona msumbufu, lakini hewa ikinaswa juu ya rejeta, maji hayazunguki.

Wiki iliyofuata, saa nane mchana, chini ya rejeta nilipima nyuzi 33. Kijana wa zamu akanitumia picha ya skrini: kilowati 1,000. Utepe wa kanga nimeuacha umefungwa kwenye mguu wa rejeta upande wa bohari, na kila anayeingia zamu anautazama kabla ya kusaini daftari.