Watu Watatazama Nini?

Nimejaribu kulala, usingizi umekataa, basi naandika. Wiki hii kaka amehamia Naivasha kwa ile kazi yake, binamu amejifungua mapacha salama, tajiri ametangaza kwamba kemisti ya pili itafunguliwa Donholm, na katika yote hayo kichwa changu kimeng'ang'ania maneno ya mtu mmoja tu.

Nilikuwa nimeenda kuomba meza. Mnaonifuata mnajua nimeliwaza jambo hili kwa muda: tamasha la wapenzi wa katuni, anime na michezo ya video linakaribia, na kundi letu la Jumapili, linalocheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kusimulia hadithi mezani, halijawahi kuonekana popote nje ya sebule yangu. Mwandalizi alinipokea vizuri, hilo lazima niliseme. Alinivutia kiti, akanisikiliza hadi mwisho nikimweleza kampeni ni nini: watu watano mezani, kila mmoja na mhusika wake, mimi naendesha hadithi, dadu linaamua pale ambapo hakuna ajuaye litakalotokea, na kisa kinaendelea kikao baada ya kikao, hata mwaka mzima.

"Dada, wazo ni zuri," akasema. "Lakini watu watatazama nini?"

"Watatazama hadithi ikizaliwa."

"Sawa, lakini kwa macho? Wa kosplei wana mavazi na jukwaa. Wa Tekken wana skrini kubwa. Nyinyi mtakuwa mmekaa tu mnaongea."

Sikujibu. Akasema ataangalia kama nafasi itabaki kule nyuma, karibu na mahema ya chakula. Nikashukuru, nikaaga, nikashuka ngazi. Kabla sijafika Kencom, majibu yakaanza kunijia, na tangu hapo hayajakoma. Yananijia nikihesabu vidonge. Yananijia nikiosha vyombo.

Jibu la kwanza ni la pesa, kwa sababu naye alikuwa akifikiria pesa. Kuna waigizaji wa sauti kule Marekani ambao mwaka 2015 walichukua kampeni waliyokuwa wakiicheza nyumbani wakaanza kuirusha moja kwa moja mtandaoni kwa jina la Critical Role. Kwa muda wa saa tatu, hata nne, wamekaa tu wanaongea. Mwaka 2019 waliwaomba mashabiki dola 750,000 watengeneze katuni fupi ya wahusika wao, wakachangiwa zaidi ya dola milioni 11, na katuni ikageuka kuwa mfululizo ulioanza kuonyeshwa Januari 2022. Mwaka 2023 walicheza katika ukumbi wa Wembley Arena, London. Wenzao wa Dimension 20 wakacheza Madison Square Garden, New York, Januari 2025. Bwana mwandalizi, hao wote walikwenda kutazama nini?

Jibu la pili ndilo nililotamani zaidi kumpa, kwa sababu ofisi yake imejaa mabango ya anime. Japani, mwaka 1986, jarida la Comptiq lilianza kuchapisha maandishi ya watu wakicheza Dungeons & Dragons: huyu alisema hivi, yule akarusha dadu, kikatokea kile. Wasomaji wakayapenda mno. Yakazaa riwaya, riwaya zikazaa anime ya mwaka 1990, Record of Lodoss War. Hao hawakutazama hata nyuso za wachezaji. Walisoma karatasi. Na vijana wanaopanda viwango kwenye skrini, wanaolinda pointi za uhai na kuchagua kama watakuwa mpiganaji au mchawi, vitu hivyo vilitoka mezani, katika mchezo ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974. Halafu meza yenyewe inapelekwa nyuma ya mahema ya chakula!

Jibu la tatu lilinijia usiku wa manane, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote kwamba sikuwa nalo mdomoni. Baba yangu hakuwahi kuingia uwanja wa mpira hadi alipofika Nairobi mtu mzima, na bado mechi za utotoni mwake anazisimulia pasi kwa pasi. Alikuwa akisikiliza redio na sauti ya Leonard Mambo Mbotela, mwanaume mmoja akiongea, na boma zima limeizunguka redio hiyo. Walikuwa wakitazama nini? Walikuwa wakitazama mpira. Waliuona. Baba hadi leo anakuonyesha kwa kidole ulipopita.

Basi nilikuwa nimeamua kuandika hayo yote na kumtumia, yakiwa makali zaidi kuliko nilivyoyaweka hapa. Ikafika Jumapili.

Mnamkumbuka Fundi, yule wa kutengeneza simu pale Luthuli. Tangu ajiunge nasi, zamu yake ikifika husema neno moja: "Napiga." Anashika dadu, anarusha, anasubiri kuambiwa kama shoka limepata. Hatujawahi kumsukuma aseme zaidi, maana kila mtu hukaa mezani kwa namna yake, na Fundi hakosi kikao hata mvua ikinyesha namna gani.

Kampeni imefika pabaya. Mnajua mji wetu wa hadithini, ule wa nyumba za mawe ya matumbawe ambako bahari imeanza kuwarudisha waliozama. Wachezaji wameshagundua kwamba liwali anawafungia hao waliorudi katika ghala la chumvi, na usiku huu wanataka kuwatoa. Kiti cha kaka kiko wazi, kwa hiyo nahodha wake tumesema amebaki kulinda jahazi. Mlangoni kuna mlinzi mwenye taa. Dada wa saluni, ambaye mhusika wake ni mwizi, ameshazima mbwa kwa nyama yenye dawa. Mwalimu ameshasoma dua. Kilichobaki ni pigo moja la shoka.

"Fundi, zamu yako."

Akaliinua dadu la pande 20. Akalishika tu.

"Huyu ana umri gani?"

Kwenye daftari langu alikuwa ameandikwa "mlinzi, mmoja". Nikabuni papo hapo. "Miaka 17."

"Anaitwa nani?"

Nikampa jina, la kwanza lililonijia. Meza ikatulia. Fundi akaitazama ile karatasi ya mhusika wake, iliyojaa alama za mafuta ya mandazi, kisha akasema, "Basi simpigi. Naweka shoka chini. Namwambia aende kwao, aseme hakutuona."

Kanuni zinaniruhusu kupanga ugumu wa jambo. Nikamwambia ili kijana akubali anahitaji kufika 15. Akarusha. Likasimama kwenye 3.

Kijana akapuliza baragumu. Walinzi wakatoka ghalani wote, na kufikia saa kumi na mbili jioni ya huku kwetu sebuleni, kundi zima lilikuwa kwenye pingu. Dada wa saluni akapiga meza hadi vikombe vikaruka. "Ungempiga tu! Saa hii tungekuwa jahazini!"

"Ningempigaje," Fundi akamjibu, "na nimeshajua jina lake?"

Jamani. Nimeendesha meza hii kwa muda mrefu, na sijui kama nimewahi kuandaa kitu, ramani au vita au siri, kilichofika hapo. Mwalimu bado anatuma sauti ndefu kwenye kundi letu akibishana kama Fundi alifanya sawa. Dada wa saluni hajamsamehe, na najua hajamsamehe kwa sababu ameniandikia faraghani akiuliza kama mwizi wake anaweza kujifungua pingu peke yake. Fundi mwenyewe alikaa kimya hadi jana usiku, akaniandikia mstari mmoja: yule kijana ataadhibiwa kwa sababu ya kutusikiliza?

Nimelirudia swali la mwandalizi nikiwa na furaha hiyo kifuani. Mtu anayepita na soda yake mkononi angeona nini Jumapili? Angeona mwanaume mwenye vidole vilivyoungua kwa waya wa kulehemu, ameshika dadu, amenyamaza. Angeendelea na safari yake, na simlaumu. Ukimya ule ulijengwa na kila "napiga" iliyotangulia, na sisi tuliokuwa mezani ndio tulioulipia. Wale wa Wembley huwa na watazamaji waliofuatana nao kwa mamia ya saa, na wao wenyewe ni watu walioishi kwa kazi ya sauti. Nawapenda, nitaendelea kuwatazama nikipata bando. Lakini najiuliza kama Fundi angeuliza jina la mlinzi mbele ya umati na kamera. Nadhani angepiga.

Kwa hiyo ule ujumbe mkali sikuutuma. Nilimwandikia mwandalizi kwamba sihitaji jukwaa wala skrini. Anipe meza moja na viti vitatu vitupu, hata huko nyuma, mradi jenereta isiwe karibu, maana tunahitaji kusikiana. Anayepita akae, apewe mhusika tayari, acheze dakika 40, aende zake na karatasi yake. Kanuni za msingi za mchezo huu ziko chini ya leseni huru tangu Januari 2023, saiba ya hapa chini itanichapia bila wasiwasi. Swali lake likiwa ni watu watatazama nini, langu ni nani atakaa. Nimemwambia hivyo hivyo, kwa heshima zote. Ameshausoma. Hajajibu, lakini najua wiki ya maandalizi ilivyo.

Kikao kijacho nina kazi ya kujibu lile swali la Fundi kuhusu adhabu, na sitaki kulijibu ovyo ovyo. Nimeanza kumwandikia kijana mama, na nyumba, na kisa cha kwa nini alikubali kazi ya usiku.

Jambo lingine, na hili ndilo linaloniweka macho kweli sasa hivi. Nilikuwa nikipanga dawa kazini leo nikakumbuka vidonge vya presha vya Mama. Nilimtumia vya mwezi mmoja na mwezi umekwisha. Kwa hesabu yoyote ile pakiti ingekuwa tupu wiki iliyopita, na hajaniambia nitume nyingine. Ama anavigawanya nusu nusu, ama amemgawia shangazi tena, ama ameacha kwa sababu anajisikia vizuri, kama alivyofanya mwaka jana. Nilipompigia jioni alisema yuko salama, akanipa habari za mapacha hadi salio likaisha. Kesho nitampigia mapema kabla hajatoka kwenda shambani, na nitamwomba alete pakiti avihesabu nikiwa kwenye simu.