Glavu kwenye msumeno

Leo saa nne asubuhi wamekuja wakaguzi wa usalama wawili karakanani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, na mpaka saa hizi roho bado inaniuma, ndo maana naandika. Karakana ni ya marehemu baba, mafundi watano na vijana wawili wanaojifunza, vitanda na milango ya mninga, mimi naiendesha tu.

Kwanza ieleweke, mimi ukaguzi nautaka. Baba kabla ya useremala alikuwa shamba la mkonge huko njia ya Korogwe, kwenye korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, analisha majani, siku moja nyuzi zikamzonga mkono na vidole viwili vikaenda. Tumekua tunakiona kile kiganja kila siku mezani. Ile sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 nimeisoma mwenyewe sababu ya kile kiganja.

Sasa makosa yenyewe. Mtungi wa kuzimia moto, mshale uko kwenye kijani, pini ipo, mpira mzima, ila kikaratasi cha sevisi kimepita siku nne. Sawa, hilo letu. La pili, fundi mkuu kakutwa anapasua mbao bila glavu. Hapo ndo nimechoka kabisa, maana yeyote aliyewahi kusimama kwenye msumeno wa mviringo anajua glavu haivaliwi pale, bledi ikidaka uzi tu inavuta glavu na mkono unafuata, yaani kilekile kilichompata baba. Fundi mkuu ana miaka sitini na kitu, akamweleza yule mkaguzi kijana kwa upole kabisa, mwanangu nikiivaa huu msumeno utanikata, akajibiwa mzee usinifundishe kazi, fomu inasema glavu. Mbele ya vijana wake. Nikaona macho yake yamebadilika.

Na bledi yenyewe haina kinga! Ilivunjika tangu Ramadhani, mimi nasema wiki ijayo, wiki ijayo, na hilo ni kosa langu na ni kubwa kuliko yote waliyoandika. Vumbi limejaa mpaka kwenye swichi ya umeme, hawakuuliza. Walisimama hapohapo kwenye msumeno wakawa wanatafuta kibao cha mlango wa dharura, na upande mzima wa karakana hauna ukuta, ni wazi mpaka barabarani.

Saa tisa kontroli namba ya kulipia faini ikaingia kwenye simu, laki nane, mwezi wenyewe oda hakuna.

Barua ya kupinga nishaianza. La mtungi nimelikubali, la glavu nalipinga na sababu nimeziweka, halafu nimeandika na la kinga, kwamba lipo na hawakuliona. Dada anasema najitia kitanzi mwenyewe, labda, ila siwezi kuliacha.

Fundi mkuu baada ya magharibi hajaenda kwake. Yuko hapo nje anakata bati zito la kufunikia bledi, nasikia tupa inavyokwenda.