Siku Moja Maishani Mwangu: Nesi wa Kuhesabu Choo

Saa 10:45 alfajiri. Mbeya mwezi wa saba maji ya ndoo yanauma vidole. Nachemsha nusu birika, naoga kwa haraka, navaa sweta mbili chini ya koti, nakunywa chai nimesimama. Saa 12 na kidogo niko kwenye bajaji ya Mwanjelwa, nimebanwa kati ya mama mwenye tenga la parachichi na kijana anayesinzia begani kwangu. Gauni jeupe likichungulia tu chini ya koti, dereva anaanza: "Sista, manesi mbona mna majibu mabaya?" Siku hizi simjibu, jambo ambalo nadhani nalo ni jibu baya.

Saa 1:30 tunakabidhiana zamu. Wodi ya wanaume, magonjwa ya ndani. Tuko wawili na mwanafunzi mmoja. Wagonjwa wa ini leo ni wanne.

Watu wakisikia nesi wanawaza sindano. Kwa wagonjwa wa ini, kazi yangu kubwa ni kupima na kuhesabu: kilo, mkojo, upana wa tumbo, choo. Mizani yetu ina mguu mfupi, nimeukingia kipande cha boksi la glovu. Futi ni ya fundi cherehani, niliinunua kwa hela yangu. Naizungusha usawa wa kitovu, natia alama ya kalamu ubavuni ili na kesho tupime palepale. Kitanda cha 3, tumbo lililojaa maji, jana kilikuwa sentimita 95, leo 94. Vidonge vya kukojoza maji vinafanya kazi. Tunataka apungue kama nusu kilo kwa siku, kwa sababu miguu yake haikuvimba. Ukimkausha haraka, figo nazo zinaanza matatizo.

Kitanda cha 9 ni kijana wa komoni na gongo. Aliletwa wiki jana akitapika damu beseni zima. Ini likijaa makovu, damu inayotoka matumboni hukosa pa kupita, ikajazana kwenye mishipa ya koo la chakula mpaka mmoja upasuke. Wamemfunga mishipa kwa vimpira. Nampima mapigo ya moyo, nampa propranololi, dawa ya kupunguza msukumo wa damu kwenye mishipa hiyo, ananiuliza ataruhusiwa lini. Nasonga mbele.

Saa 2 na robo, kitanda cha 6.

"Shikamoo baba."

Mzee akaniangalia kwa muda. "Tusa, ng'ombe wameshakunywa maji?"

Mimi siitwi Tusa. Jana mchana mzee huyuhuyu kutoka Rungwe alikuwa ananieleza bei ya mbolea, tena kwa hasira. Nikamwambia anyooshe mikono mbele kama anayesimamisha gari. Viganja vikaanza kupepea, vinaanguka, vinajiinua, vinaanguka tena. Nikafungua karatasi yake. Choo, saa 24 zilizopita: 0. Nikainua chupa ya laktulosi, ile dawa ya maji tamu. Mstari niliouchora jana mchana kwenye lebo bado uko sawasawa na dawa.

"Nani alikuwa anampa?"

Hapo ndipo shangazi akainuka kwenye kigoda. Ni dada mkubwa wa mgonjwa, shangazi wa watoto wote wanaopishana hapa. "Mimi ndiye niliyekataza. Mdogo wangu amebaki mifupa, halafu mnampa dawa ya kuharisha?"

Nilieleza mara ya kwanza nikiwa mpole. Tumboni mnatengenezwa sumu, amonia, kila siku, kwangu na kwako. Ini lenye afya linaisafisha. Lake haliwezi, sumu inapanda kichwani, ndiyo maana anaulizia ng'ombe na viganja vinapepea. Dawa hii inaitoa kwa njia ya choo. Tunataka choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Ikizidi akaharisha maji, tunapunguza. Ikiwa sifuri, ndiyo haya unayoyaona.

"Kwa hiyo mnataka aharishe."

Mara ya pili sikuwa mpole sana.

Daktari wa raundi alipofika akaagiza sukari ipimwe, akachukua maji kidogo ya tumboni yapelekwe maabara, maana uambukizi nao huvuruga akili hivihivi, na laktulosi kila baada ya saa mbili mpaka apate choo. Alikuwa bado anameza vizuri, nikaanza. Shangazi akaamua kumpa supu ya kusukumia. Nilipofungua chupa ile ya chai harufu ilikuwa nzuri kweli, nikaionja kwa kijiko: chumvi tupu. Mgonjwa wa tumbo la maji chumvi yake ya siku nzima haizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyopikiwa. Ndani ya kikapu kulikuwa na kichupa kingine, maji ya kahawia na mizizi.

"Hii ni nini, mama?"

"Ya kusafisha ini."

"Ya mti gani?"

"Wewe binti, ungeujua?"

Nisingeujua, na tatizo ndilo hilo. Kichupa kikarudi ndani ya kitenge kabla sijakishika.

Halafu akaniuliza swali ambalo nalisikia mara nyingi kuliko "hujambo". "Kwani si mnasema ini ni pombe? Huyu mzee wa kanisa. Hajawahi kuonja hata kimpumu." Na alikuwa na haki. Pombe ni njia moja. Ya mzee ni virusi vya homa ya ini B, ambavyo wengi huvipata wakizaliwa au wakiwa wadogo, vikakaa kimya miaka na miaka. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, na mzee wakati huo alishakuwa na watoto wanaolima. Kidonge chake cha kila siku, tenofoviri, hakifuti makovu haraka. Kinavizuia virusi visiendelee kuharibu.

Kumbe mkwewe alishalitafuta jina hilo kwenye simu, akakuta limeandikwa dawa ya UKIMWI. Nusu ya ugomvi wa asubuhi ilikuwa hiyo, hakuna aliyetaka kuisema. Mzee mwenyewe alituruhusu wiki jana tuwaeleze wanawe, basi nikawaita koridoni: kidonge kimoja, magonjwa mawili, yeye ana hili la ini. Mkapime wote, mama yenu wa kwanza. Asiye nacho kirusi na hana kinga achome chanjo: leo, mwezi mmoja, mwezi wa sita. Mkwe akaangalia viatu vyake. Shangazi akasema yeye hapimwi kitu.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Kitanda cha 11 tulimfunika saa 6 na kitu. Hilo sitaliandika leo. Dripu zilikwisha mbili kwa pamoja. Ndizi zangu nilizila baridi, nne, nikiwa nimeegemea kabati la dawa.

Choo cha kwanza cha mzee kilikuja kama saa 7 na nusu. Mimi na mwanafunzi tulimgeuza upande, tukavuta shuka, tukampangusa. Mgongo una michubuko mirefu ya kucha, ini bovu linawasha ngozi usiku kucha. Harufu ni tamu iliyochacha, inakaa kwenye sweta. "Tusa, taratibu," akasema. Cha pili kikatukuta bado hatujamfunga vizuri.

Zamu yangu inaisha saa 9:30. Mwenzangu hajafika, bajaji. Nimekaa mezani, miguu nje ya viatu, najaza karatasi, namsikia shangazi anakuja koridoni anapiga kelele wodi nzima isikie.

"Ya tatu hiyo! Mtamuua!"

Nikachukua kalamu, nikaandika: 3, laini.